Dawa ya Damu na Dawa ya Tumbo: Kwa Wazee Wetu Wanaosafiri

Kila inapokaribia likizo ya skuli ya mwezi wa Julai, na kila inapokaribia Idi, aila zetu zilizotawanyika Uingereza, Oman, Dubai, Kanada na Marekani huanza kukata tikiti za kwenda nyumbani. Masanduku hupimwa kwenye mizani ya bafuni, zawadi huandikwa kwa orodha ndefu, na kila mtu hukumbushwa paspoti yake. Katika orodha hiyo ni nadra kuliona neno dawa. Wazee huchukua dawa zao kama wanavyochukua miwani, kwa mazoea tu. Wakifika, na mmoja akapata tumbo la kuendesha au kikohozi, hutafutiwa dawa nyingine hapo hapo mtaani, na zote huingia katika mkoba mmoja.

Makala haya ni juu ya mkoba huo. Yanawahusu hasa wale wanaotumia dawa ya kuzuia damu isigande, nao si wachache miongoni mwetu. Wako waliopewa kwa sababu moyo wao unapiga bila ya mpango, na damu inayotuama katika chumba cha moyo inaweza kufanya donge, likapanda ubongoni na kuleta kiharusi. Wako waliopata donge la damu mguuni au mapafuni. Wako waliotiwa valvu ya bandia moyoni. Majumbani mwetu dawa hii huitwa "dawa ya kuifanya damu nyepesi", na jina hilo linapoteza watu. Damu haiwi nyepesi. Inabaki na uzito wake ule ule. Kinachobadilika ni muda inaouchukua hadi kuganda.

ILIKOTOKA DAWA HII

Wazee wengine wamesikia kuwa warfarini ni sumu ya panya, wakaingiwa na hofu. Habari hiyo ni ya kweli, na bora tuieleze yote kuliko kuacha nusu yake izunguke barazani.

Katika miaka ya 1920, ng'ombe wa Kanada na wa majimbo ya kaskazini ya Marekani walianza kufa kwa kutokwa na damu. Ng'ombe akikatwa pembe, au hata akijikwaruza kidogo, damu haikusimama. Iligunduliwa kuwa walikuwa wamelishwa majani makavu ya malisho yaliyoharibika kwa ukungu. Mwezi wa Februari 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin, Ed Carlson, aliendesha gari katika tufani ya theluji mpaka mji wa Madison, akiwa na ndama jike aliyekufa na mkebe wa maziwa uliojaa damu isiyoganda. Akaishia katika maabara ya mtaalamu wa kemia, Karl Paul Link. Link na wanafunzi wake walifanya kazi miaka kadhaa hadi mwaka 1939 walipoipata ile chembe iliyokuwa ikiwaua ng'ombe. Kutokana nayo wakatengeneza nyingine iliyo kali zaidi, wakaipa jina la warfarini, linalotokana na herufi za mwanzo za taasisi iliyogharimia utafiti wao, Wisconsin Alumni Research Foundation. Mwaka 1948 ikauzwa kama sumu ya panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani, baada ya kupatwa na maradhi ya moyo, alikuwa mmoja wa waliopewa.

Kwa hivyo panya na rais walikula dawa moja. Tofauti ni kipimo, na habari nzima ya makala haya ni kipimo. Warfarini ina nafasi ndogo sana baina ya kiasi kinachofaa na kiasi kinachodhuru, na kitu kidogo kutoka nje kinaweza kuitoa katika nafasi hiyo bila ya mgonjwa kuongeza hata nusu kidonge.

JINSI INAVYOFANYA KAZI

Ini hutumia vitamini K kutengeneza vitu vinavyoifanya damu igande. Warfarini huizuia vitamini hiyo isirudi kutumika tena, na kidogo kidogo vile vitu hupungua. Ndiyo maana kidonge cha leo hakionekani athari yake leo. Huchukua siku mbili tatu, na mara nyengine karibu wiki. Daktari hupima damu na kutoa namba iitwayo INR. Mtu asiyetumia dawa ana INR ya karibu 1. Wengi wanaotumia warfarini hutakiwa wawe baina ya 2 na 3, na wenye baadhi ya valvu za bandia huwekwa juu kidogo ya hapo. Namba hii iliwekwa mwaka 1983 na Shirika la Afya Duniani ili maabara zote zizungumze lugha moja, na hiyo ni neema kubwa kwa msafiri: INR ya 2.5 iliyopimwa Leicester ni sawa na INR ya 2.5 iliyopimwa Dar es Salaam au Maskati. Lakini lazima uitaje kwa jina. Ukiomba tu "kipimo cha kuganda damu" unaweza kupewa hesabu ya sekunde, ambayo haimsaidii sana daktari wako wa huku.

Sasa tuingize antibiotiki, yaani dawa za kuua vijidudu. Zinamfikia mtu wa warfarini kwa njia tatu. Baadhi yao huzuia kile kimeng'enya cha ini kinachoivunja warfarini, hivyo warfarini ya jana haijatoka na ya leo inaingia, ikawa kama mtu amekula mara mbili. Pili, antibiotiki huua hata vijidudu vyema vya matumboni, ambavyo baadhi yao hutengeneza vitamini K. Tatu ni maradhi yenyewe: mtu mwenye homa, anayeharisha na asiyekula, hapati vitamini K ya chakulani, na INR yake hupanda hata kabla hajameza dawa yoyote. Njia zote tatu zikikutana kwa mtu mmoja katika wiki moja, hapo ndipo penye balaa.

LILILOMPATA BIBI MMOJA

Katika aila zetu yuko bibi mwenye umri wa miaka 74 ambaye kwa miaka sita INR yake ilikuwa imetulia kama maji ya mtungini. Alikwenda nyumbani kwa harusi. Siku ya tatu, baada ya chakula cha usiku wa hina, tumbo likamkamata. Watu wa nyumba walimhurumia, wakamtuma kijana duka la dawa lililo karibu, naye akarudi na vidonge vya Flagyl na vya Septrin, kutwa mara tatu hivi na kutwa mara mbili vile. Hakuna aliyeuliza anatumia dawa gani nyengine, na yeye hakufikiri kusema, maana kwake warfarini ni ya moyo na hizi ni za tumbo.

Tumbo lilitulia siku ya pili. Siku ya tano akaona ufizi unatoka damu alipokuwa akipiga mswaki. Siku ya sita mkono wake ulikuwa na alama nyeusi kubwa pale mjukuu alipomshika tu kumwinua kitini. Usiku huo mkojo wake ulikuwa mwekundu. Alipopelekwa hospitali na kupimwa, INR yake ilikuwa zaidi ya 9. Walimsimamishia warfarini, wakampa vitamini K, na kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu hakuvuja damu ubongoni. Harusi aliiona kwa picha.

Habari hii ilipoenea, mzee mwengine wa huku huku, naye akiwa safarini, aliogopa, akaacha warfarini yake kabisa kwa muda wote wa antibiotiki "ili nisije nikavuja". Hakumuuliza mtu. Wiki ya tatu alipooza upande wa kulia, na mpaka leo maneno yake hayajarudi sawa. Ninawaweka hawa wawili pamoja kwa makusudi, kwa sababu wanaosoma habari ya bibi peke yake hufanya alivyofanya mzee. Dawa haiachwi wala haipunguzwi kwa kukisia. Hupimwa INR, kisha daktari huamua.

MAJINA YA KUYAKUMBUKA

Si antibiotiki zote zilizo sawa, na hapa inafaa twende polepole.

Mbili zilizompata yule bibi ndizo zinazosumbua zaidi, na kwa bahati mbaya ndizo zinazopatikana kila kichochoro. Metronidazoli, ambayo sote tunaijua kwa jina la Flagyl, ni dawa ya tumbo ya Afrika ya Mashariki nzima. Watu huziweka kwenye kabati pamoja na majani ya chai. Wanaoishi Uingereza wasidhani ni mambo ya nyumbani tu, kwani madaktari wa meno wa huku nao huitoa kwa jipu la jino. Kotrimoksazoli, yaani Septrin, nayo ni hivyo hivyo. Ukimtajia daktari hizi mbili pamoja na warfarini, mara nyingi atatafuta dawa nyengine kabisa, au atapunguza warfarini mapema na kukupima baada ya siku chache.

Baada ya hizo zipo klarithromisini na erithromisini, za kifua na koo, na siprofloksasini, ambayo hutolewa kwa tumbo na kwa mkojo. Hizi nazo hupandisha INR, kwa mtu huyu sana na kwa yule kidogo, na hakuna awezaye kubashiri. Mahujaji waziangalie hasa, kwani ni wachache wanaorudi Makka bila ya kikohozi, na huko watu hugawiana vidonge kama tende. Mwenye vidonda vya tumbo naye atazame: matibabu ya kile kijidudu cha vidonda mara nyingi huwa na klarithromisini, na katika baadhi ya mafungu huwa pamoja na metronidazoli, zote mbili katika pakiti moja.

Amoksilini na jamaa zake za penisilini kwa kawaida ni pole zaidi. Pole si sawa na salama kabisa. INR bado inataka kupimwa. Azithromisini, ambayo madaktari wengi siku hizi huwapa wasafiri kwa tumbo kali, kwa kawaida inavurugana kidogo kuliko klarithromisini, lakini kanuni ni hiyo hiyo.

Rifampisini ya kifua kikuu inakwenda upande wa pili. Hulifanya ini liivunje warfarini kwa haraka, na INR huanguka hata dozi ya kawaida isifae kitu. Matibabu ya kifua kikuu ni ya miezi sita, na hatari haiishi siku ya kidonge cha mwisho: rifampisini ikishaachwa, athari yake huondoka kwa wiki kadhaa, na dozi kubwa ya warfarini iliyokuwa ikihitajika inageuka kuwa nyingi mno. Hili ni jambo la daktari wa hospitali kutoka mwanzo hadi mwisho.

Halafu kuna dawa za fangasi, ambazo watu hawazihesabu hapa kwa sababu si antibiotiki. Mtu akila antibiotiki wiki nzima, hasa kina mama na wenye sukari, mara nyingi huja fangasi nyuma yake, na duka humpa flukonazoli. Hiyo ina nguvu juu ya warfarini sawa na zile mbili za mwanzo. Hata jeli ya mikonazoli ya kupaka mdomoni, ambayo wengi huijua kwa jina la Daktarin na ambayo wazee wenye meno ya bandia huipenda, hunyonywa mwilini kiasi cha kumfanya mtu avuje damu. Wakubwa wa dawa wa Uingereza walitoa onyo juu yake mwaka 2016.

Kwa maumivu, parasetamoli ndiyo ya kuchagua, kwa kiasi kilichoandikwa na kwa siku chache. Hata hiyo ikiliwa kila siku kwa wingi huweza kuipandisha INR. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziepukwe ila kwa amri ya daktari anayejua unatumia nini. Sindano ya makalioni, ambayo nyumbani bado inaaminiwa kuliko kidonge, mtu wa dawa ya damu aikatae kwa adabu na aombe dawa ya kumeza au ya mshipani, kwani msuli unaweza kujaa damu ndani. Dawa za miti shamba na habbatsauda za kunywa kwa vijiko sizitukani, lakini hakuna aliyezipimia kipimo chake na warfarini, na safarini si wakati wa kuzijaribu.

DAWA MPYA SI RUHUSA

Wasomaji wengine watasema: mimi situmii warfarini, nimebadilishiwa. Ni kweli kwamba tangu miaka ya 2010 wengi wamehamishiwa apiksabani, iitwayo Eliquis, au rivaroksabani, iitwayo Xarelto, au dabigatrani, iitwayo Pradaxa. Hizi hazihitaji INR wala hazijali mchicha, na hazivurugwi na Flagyl namna ile. Lakini rifampisini huzidhoofisha mpaka zikawa kama hazipo. Klarithromisini huzipandisha, na utafiti wa wazee wa jimbo la Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2020 uliona kuwa waliopewa klarithromisini juu ya dawa hizi walilazwa kwa kuvuja damu zaidi kuliko waliopewa azithromisini. Tena hutoka kwa kiasi kwa njia ya figo, dabigatrani hasa, na mtu aliyeharisha siku tatu bila kunywa maji figo zake hupungua nguvu, dawa ikajikusanya mwilini. Na kwa kuwa hazina INR, hakuna namba ya kukuonya. Wenye valvu za bandia za chuma au kaboni hawatumii dawa hizi kabisa. Wao ni wa warfarini.

Jambo jengine: hizi mpya huondoka mwilini haraka. Ukisahau siku mbili, kinga yako imekwisha. Rivaroksabani ya miligramu 15 au 20 huliwa pamoja na chakula, si kwa maji matupu katika uwanja wa ndege.

RANGI ZA VIDONGE

Hili ni dogo, lakini aila zetu ziko nchi nyingi na linatuhusu kuliko watu wengine. Uingereza vidonge vya warfarini hutambulika kwa rangi: cheupe ni nusu miligramu, cha kahawia ni 1, cha buluu ni 3, na cha waridi ni 5. Mtu huzoea, akawa anasema "ninakula buluu moja na kahawia mbili". Marekani nao wana rangi zao, na si hizo. Huko cha waridi ni miligramu 1, cha buluu ni 4, na cheupe ni 10. Sasa fikiri mko nyumba moja nyumbani, wewe umetoka London na binamu yako katoka Ohio, dawa yako imebaki kwenye sanduku lililopotea, naye akakukatia kwa mapenzi vidonge vyeupe "kama vyako". Utakuwa umekula mara ishirini. Kamwe usiazime warfarini kwa rangi. Soma miligramu iliyoandikwa, na ikiwa hakuna pakiti, usimeze.

KABLA YA KUONDOKA

Pima INR wiki mbili tatu kabla ya safari, si siku moja kabla, ili kama haiko sawa pawe na nafasi ya kuirekebisha. Beba dawa ya kutosha na wiki mbili za ziada, ukiwa na pakiti zake, na ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Beba kile kitabu cha manjano kama uko Uingereza, au barua ya daktari, na uandike pia katika karatasi jina la dawa, dozi, sababu na INR ya mwisho. Karatasi hiyo moja ibaki kwako, nyengine kwa unayesafiri naye. Bima iambiwe ukweli.

Kinga ya malaria nayo iulizwe mapema, na hapa wazee wetu ni wabishi. Husema, "Mimi nimezaliwa kule, mbu wananijua." Aliyekaa nje miaka ishirini amepoteza kinga aliyokuwa nayo, na malaria humkamata kama mgeni. Lakini dawa za kinga nazo zinagusa warfarini. Doksisiklini ni antibiotiki: mwenye kukaa wiki tatu ataila kutoka siku moja au mbili kabla hadi wiki nne baada ya kurudi, yaani karibu wiki saba za antibiotiki kila siku. Malarone ina proguanili, nayo huweza kuipandisha INR. Ushauri wa Uingereza kwa mtu wa warfarini ni kuanza kinga wiki mbili au tatu kabla ya safari na kupimwa INR kabla ya kuanza na tena kabla ya kuondoka, ili kama kuna mvurugano uonekane angali karibu na kliniki yake.

Ulizeni pia mapema INR itapimwa wapi huko mwendako. Katika miji mikubwa si shida. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyopo tangu 2015, na hospitali za Aga Khan ziko Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Anayekwenda shamba au visiwa vya mbali ajue ni mwendo wa saa ngapi kufika panapopimwa. Wachache wana mashine yao ya kutoboa kidole. Hao wakumbuke kwamba vipande vyake haviwekwi kwenye joto la zaidi ya digrii 30, na dirisha la gari la mchana si pahala pake.

UKIWA HUKO

Chakula kwanza. Mtu aliyekuwa akila mkate na supu ya kopo mjini Cardiff akifika nyumbani hupakuliwa mchicha, kisamvu na matembele kila siku, vyote vimejaa vitamini K, na INR yake huanguka. Hakuna anayemkataza kisamvu. Ale kwa kiasi cha kufanana siku hadi siku, na ajue kwamba wiki mbili za mboga na kisha siku nne za kuharisha bila kula ni kupanda na kushuka kusikofaa. Saa ya dawa si tatizo kubwa: baina ya London na Zanzibar tofauti ni saa mbili au tatu, na aliyezoea kumeza saa kumi na mbili jioni anaweza kufuata jioni ya huko. Akisahau siku moja, asile mara mbili kesho yake. Ikiwa ni Ramadhani, kidonge cha mara moja kwa siku huwekwa baada ya futari. Cha mara mbili, kama apiksabani, aulize daktari kabla kama futari na daku zinamfaa.

Tumbo la safari mara nyingi huondoka lenyewe kwa siku tatu hadi tano. Linalotakiwa ni maji: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, anywe kidogo kidogo kutwa. Antibiotiki ni kwa anayeharisha damu, mwenye homa kali, au anayezidi kudhoofika, na huyo ni wa hospitali, si wa kabati la jirani.

Kukataa dawa ya jirani kuna ugumu wake. Shangazi amekuja na kanga yake kichwani, amekuletea vidonge alivyokuwa akijiwekea mwenyewe, na kumrudishia ni kama kumrudishia sahani ya chakula. Vipokee, mshukuru, viweke. Kisha mtume kijana, au nenda mwenyewe, kwa mfamasia au daktari, na sema kabla hujataja tumbo: "Ninatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Nipe dawa isiyovurugana nayo." Taja jina la dawa, si "dawa ya moyo", maana dawa za moyo ni nyingi. Ikiwa umeandikiwa antibiotiki yoyote, pima INR siku ya tatu hadi ya tano tangu uanze, na tena ukishamaliza, kwani ikishaachwa namba hurudi kushuka.

Dalili za kwenda hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, ni hizi: damu ya pua isiyosimama kwa dakika kumi huku umebana, choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, kutapika damu, alama nyeusi zinazotokea bila kugongwa, na kichwa kuuma kwa ghafla na kwa ukali. Aliyeanguka na kugonga kichwa apelekwe hata kama anasema hajambo na anataka chai. Kwa mwenye warfarini, vitamini K ndiyo kiondoa sumu na hospitali nyingi zinayo. Kwa dawa mpya haisaidii, kwa hivyo lazima waambiwe ni ipi umekula na saa ngapi.

Ukirudi, usingoje tarehe ya kliniki iliyokuwa kitabuni. Piga simu wiki hiyo hiyo, uwaambie kila kidonge ulichomeza huko, pamoja na vile vya shangazi kama uliishia kuvila, na siku uliyomaliza. Mwenye kuendelea na doksisiklini kwa zile wiki nne aseme hilo pia, na tarehe ya mwisho, ili akipimwa baada yake wajue kwa nini namba imeshuka.